Kuvuta chambo Ziwa Victoria: dhana zinazokukosesha sangara

Watu wa pwani wana neno la kazi hii: kurambaza. Kabla neno hilo halijahamia kwenye intaneti lilikuwa la mshipi: chombo kinakwenda, chambo kinafuata nyuma. Huku Ziwani anayewindwa kwa namna hiyo ni sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta. Samaki huyu anaweza kupita kilo 100, kwa hiyo kila anayeanza huwa na hofu moja tu, ya kukatikiwa. Hofu hiyo ndiyo imezaa dhana nyingi kati ya hizi.

"Mshipi ukiwa mnene ndiyo usalama."

Chambo bandia chenye ulimi wa plastiki mdomoni huzama kwa sababu maji yanaukandamiza ule ulimi chini. Maji hayohayo yanausukuma mshipi juu, na mshipi ukiwa mnene yanapata pa kushika zaidi. Ukifunga kamba ya kuvutia gari, chambo kilichoandikwa mita 6 kwenye boksi lake hakitafika huko, na sangara aliyelala kwenye miamba hatajua kama umepita.

Mshipi wa kilo 14, ule wa pauni 30 (ndio uzito unaoweza kuukata), unatosha. Kinachomchosha samaki ni breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kwenye fimbo. Ipime kabla hujatoka: funga ncha ya mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia samaki mwaloni, inua fimbo ipinde, kisha kaza breki mpaka mshipi uanze kutoka mizani ikisoma kilo 4 hivi. Baada ya hapo mkono wako ukae mbali nayo. Samaki akishakimbia na mshipi mwingi, duara lililobaki kwenye rili linakuwa dogo na uzito wa breki unapanda wenyewe. Wengi hukaza zaidi wakati huohuo, halafu wanalaumu duka lililowauzia mshipi.

"Lazima waya, ana meno."

Mpanue mdomo sangara uupapase kwa kidole. Utakuta msasa. Meno yake ni madogo, mengi, na kazi yake ni kushika, hayakati. Kinachokata ni miiba ya kifuniko cha shavu, pamoja na jiwe analokimbilia. Mita 2 za nailoni nene ya kilo 40 mbele ya chambo zinamaliza tatizo hilo, na chambo kinacheza vizuri kuliko kikifungwa waya mgumu. Waya upeleke Ziwa Tanganyika, kwenye samaki wa jamii ya Hydrocynus wenye meno marefu yanayochomoza nje ya mdomo. Huko kweli utauhitaji.

"Wakubwa wako kilindini."

Ziwa Victoria ni pana lakini si refu kwenda chini. Wastani wake ni mita 40 tu. Miezi ya joto maji ya juu hukaa kama kifuniko juu ya maji ya chini, na kule chini hewa ya oksijeni hupungua. Sangara anahitaji oksijeni nyingi, hivyo hawezi kuishi humo hata akipenda. Upepo wa kusi ukivuma katikati ya mwaka, maji huchanganyika na samaki hutawanyika tena. Kwa boti ndogo, mawindo mazuri yako pembeni mwa visiwa na miamba, mahali kina kinaposhuka ghafla kutoka mita 4 hadi 10, na hasa jua likikaribia kuzama. Huhitaji chubwi, ule uzito wa kuzamishia mshipi, la kilo nzima. Toa mshipi pima 20 hivi, ukihesabu kwa mikono, na fimbo ya pili pima 15 ili isipandane na ya kwanza. Fimbo mbili zinatosha. Nne kwenye boti ya mita 5 ni kazi ya kufumua mafundo tu.

"Ongeza mwendo, chambo kizame zaidi."

Hii nimeiamini miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ukipita kiasi fulani chambo hakizami tena. Kinalala ubavu na kuibuka juu. Mwendo unaofaa ni wa mtu anayewahi basi kwa miguu, kilomita 4 hadi 6 kwa saa. Simu itakupa namba, ila upepo na mkondo huidanganya. Tazama ncha ya fimbo. Chambo kikifanya kazi ncha inatetemeka kwa mapigo madogo yanayolingana, tk-tk-tk. Ikinyamaza, umenasa gugu maji, vuta usafishe. Na kabla ya kutoa mshipi, kikokote chambo kipya ubavuni mwa boti ukione: kikienda mrama kulia, pinda kidogo kwa koleo kile kitundu cha kufungia, kuelekea kushoto.

Rangi? Ina nafasi yake, lakini ndogo. Ukubwa wa sentimita 12 hadi 18 na kina sahihi vina maana zaidi.

"Mashine kubwa ndiyo boti nzuri."

Mashine ya nguvu farasi 15 inatosha boti ya mita 5. Kubwa zaidi haikubali kwenda polepole, na uzito wake unakalisha tezi, yaani nyuma ya boti, majini. Tangi la mafuta na boksi la barafu viende mbele. Vishikio vya fimbo vifungwe kwa bolti zinazopenya mbao, na kipande cha ubao upande wa ndani. Cha kwangu cha kwanza nilikifunga kwa skrubu. Kiling'oka na fimbo yake, nikabaki nikitazama matundu manne.

"Najua kuogelea."

Radi na dhoruba za Ziwa Victoria hupenda usiku hadi alfajiri, kwa hiyo jaketi okozi ni la kuvaa, si la kukalia. Lakini hata ziwa likiwa shwari, fikiria uko peke yako, umeinama kusafisha gugu, ukateleza. Boti inaendelea kwa kilomita 5 kwa saa, polepole kabisa, na muogeleaji wa kawaida aliyevaa nguo hafikishi hata 3. Ile kamba nyekundu inayozima mashine, ambayo wengi huiacha imening'inia kwenye kitufe chake, ifunge mguuni kabla hujatoa mshipi wa kwanza.