Shingo nyeusi si uchafu

Mtoto mwenye shingo nyeusi husuguliwa kwa dodoki mpaka ngozi imuwashe, na weusi ubaki palepale. Inauma zaidi anapochekwa shuleni kuwa haogi. Ule si uchafu. Ngozi yenyewe imekuwa nene na nyororo kama mahameli, shingoni, kwapani au kinenani. Madaktari huuita akanthosisi nigrikansi, na hauambukizi.

Chanzo cha kawaida kiko ndani: mwili hauitikii vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu, kongosho hutoa nyingi zaidi ili kufidia, na insulini hiyo ikizidi katika damu huchochea seli za ngozi kuzaliana. Ndiyo maana hali hii huwapata sana watu wenye uzito uliozidi, na huweza kutangulia kisukari cha aina ya 2. Basi pima sukari kabla ya kununua krimu. Zile za kuchubua zenye zebaki hudhuru figo. Uzito ukipungua, weusi nao hufifia polepole.

Mara chache, weusi ukizuka ghafla kwa mtu mzima anayekonda bila sababu, hasa ukifika midomoni au viganjani, huweza kuwa dalili ya saratani, mara nyingi ya tumbo. Huyo asingoje, aende hospitali.