UTI: Kabla hujameza dawa, mkojo wako ulipimwaje?

Dirishani kwetu maabara hakupiti wiki bila mtu kusema, "Nina UTI sugu, nimemaliza dawa zote, haiishi." Mkononi ana vyeti vya vipimo kutoka zahanati tofauti, na ukivisoma kwa utulivu unakuta vingi vinafanana: seli za usaha chache, seli za ngozi nyingi. Seli za ngozi zikijaa hivyo, ujue mkojo ulizoa vya nje wakati unatoka. Kilichopimwa hapo ni ngozi na majimaji ya ukeni, wala si kibofu. Dada wa watu amepigwa sindano za siku 5 kwa jibu la namna hiyo.

UTI ni maambukizi kwenye njia ya mkojo, kuanzia mrija wa kutolea mkojo, kibofu, hadi figo. Mara nyingi mhusika ni bakteria aitwaye E. coli, mkazi wa kawaida wa utumbo wetu wenyewe. Hutoka kwenye njia ya haja kubwa, akafika kwenye tundu la mkojo, akapanda juu. Kwa mwanamke safari hiyo ni fupi, kwani mrija wake una urefu wa sentimita 4 hivi, wakati wa mwanamume unakaribia sentimita 20. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya wanawake kuugua zaidi, wala haihusiani na uchafu wa mtu. Choo cha shule, cha stendi au cha wapangaji nacho kinasingiziwa bure. Hatari yake ni pale kinapomfanya mtu abane mkojo kutwa nzima kwa kukiogopa.

Kibofu kikishambuliwa hakinyamazi. Mkojo unachoma, unakubana ghafla, unakwenda chooni kila mara na kutoa matone, chini ya kitovu panauma, wakati mwingine damu inaonekana. Ikifika kwenye figo utasikia homa kali, kutetemeka, maumivu ya ubavuni kwa nyuma na kutapika. Hapo usisubiri kesho. Lakini kiuno kuuma tu baada ya kubeba ndoo, uchovu, au mkojo wa njano iliyokolea kwa sababu hujanywa maji, hayo peke yake si UTI. Wala homa haigeuki UTI kwa kuwa kipimo cha malaria kimesoma hasi. Tabia hii imeota mizizi katika vituo vyetu, na inatugharimu.

Mwanamume kijana anayetokwa na usaha uumeni aelewe kwamba hiyo mara nyingi ni kisonono au ugonjwa mwingine wa zinaa. Dawa zake ni tofauti, na mwenza naye atibiwe. Anayekojoa damu na amekulia maeneo ya kuoga mtoni, kwenye mabwawa au mashamba ya mpunga, apimwe kichocho, ugonjwa unaoletwa na minyoo. Dawa ya bakteria haiui minyoo.

Sasa turudi kwenye kikopo, maana ndiko mambo yanakoharibikia. Nawa mikono. Mwanamke ajisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, kisha atenganishe mashavu ya uke kwa vidole. Mwanamume ambaye hajatahiriwa avute govi nyuma. Mkojo wa mwanzo uache uende chooni, ukinge wa katikati, wa mwisho uuache pia. Usiguse ndani ya kikopo. Kisha kifikishe maabara ndani ya saa mbili, au kikae kwenye friji. E. coli akipata joto na chakula hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo bakteria mmoja anaweza kuwa 8 kwa saa moja. Sisi kwa kawaida tunatilia mkazo idadi inapofika 100,000 kwa mililita. Mkojo uliokingwa saa 12 asubuhi ukazunguka kwenye pochi ndani ya daladala hadi saa 4 unaweza kufikisha idadi hiyo wenyewe, bila ugonjwa wowote.

Tatizo likijirudia, omba mkojo uoteshwe, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara. Jibu huchukua siku 2 hadi 3, na litakuambia ni kimelea gani na dawa ipi inamuua. Hapo ndipo neno "sugu" linapata maana, kwa sababu usugu ni wa kimelea kwa dawa fulani. Kila dozi isiyo ya lazima, au iliyokatishwa siku ya pili kwa kuwa maumivu yamepungua, inamzoesha.

Bakteria wakionekana kwenye mkojo wa mtu asiye na dalili yoyote, kwa kawaida hatumtibu. Mjamzito yeye tunamtibu hata kama hasikii kitu, kwani maambukizi hupanda kwenye figo kwa urahisi na yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Mtoto mchanga mwenye homa isiyo na sababu naye apimwe mkojo, yeye hawezi kusema kinachomuuma.

Kuhusu kinga, maji yanafanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa 2018 ulihusisha wanawake 140 wanaougua mara kwa mara na waliozoea kunywa maji kidogo. Walioongeza lita moja na nusu kwa siku walipunguza maambukizi kwa karibu nusu. Usibane mkojo, hata safarini. Mwambie kondakta asimamishe basi. Jifute au jitawaze kutoka mbele kwenda nyuma, na mfundishe binti yako mapema. Kojoa baada ya tendo la ndoa. Acha kuingiza sabuni, marashi au vidole ukeni kwa jina la usafi, maana unawaondoa bakteria walinzi. Mwenye kisukari adhibiti sukari yake, na mzee anayekojoa kwa kujikamua akaangaliwe tezi dume.

Ukija kupima, njoo kabla hujaanza dawa. Kama umeshameza hata kidonge kimoja cha antibiotiki, mwambie mhudumu, na ulete pakiti yake.