Mlo kamili wa mbwa mdogo: hilo "kamili" lina maana gani?

Nimelisikia tena Jumamosi, nikiwa kwenye foleni ya agroveti moja upande wa Kongowea, hapa Mombasa. Mbele yangu mama mmoja alipakata kijibwa cheupe, wale wa manyoya mengi wanaoitwa Japanese Spitz. Muuzaji akamuuliza anamlisha nini. "Kaka, huyu hali vya paketi. Nampikia mwenyewe. Wali, kuku wa kuchemsha, karoti. Mlo kamili." Muuzaji akatikisa kichwa kukubali, na mabwana wawili nyuma yangu wakakubali pia. Mimi nilinyamaza, maana si adabu kumsahihisha mtu hadharani huku kapakata mnyama wake. Lakini neno nimerudi nalo nyumbani na halijanitoka.

Maana yenyewe ni fupi. Mlo kamili ni ule ambao, ukiliwa peke yake siku nenda siku rudi, unampa mlaji kila kirutubisho anachohitaji na kwa kiasi anachohitaji: protini, mafuta, madini, vitamini, pamoja na nishati ya kumtosha. Tumemaliza hapo. Ugomvi wangu uko kwenye neno kamili.

Asili yake ni Kiarabu, na sisi tumelizalisha vizuri: kamilika, kamilisha, ukamilifu. Ukimuuliza mtu atakwambia kamili ni kisichopungua. Kweli, lakini hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili tunaitumia kila siku kwenye saa bila kuiwaza. Saa tatu kamili ni saa tatu kasoro sifuri na dakika sifuri. Dakika moja kabla, bado. Dakika moja baada, imepita. Sijapata kumsikia mtu akidai kwamba saa tatu na robo ni kamili zaidi kwa sababu ina nyongeza. Vivyo hivyo kwa nauli: ukimpa kondakta nauli kamili, humdai chenji wala hakudai. Kwa hiyo neno linabeba mambo mawili, kutopungua na kutozidi. Wazungu kwenye paketi zao huandika maneno mawili kulisema jambo hili, moja la kutimia na moja la kulingana. Sisi tunalo moja linalotosha, halafu tunalitumia kwa maana ya "vitu vingi tofauti kwenye sahani".

Nadhani najua tulikopata kosa hili. Sote tuliosoma shule za msingi za Kenya tulikariri vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kukinga maradhi. Ukutani kulikuwa na picha ya sahani: ugali, samaki, sukuma wiki. Picha haikuwa na kosa, ilikuwa njia ya kumfundisha mtoto wa miaka tisa asishibe muhogo mtupu. Lakini imetuachia imani kwamba ukigusa mafungu matatu umemaliza kazi. Kisha ukaja unga wa lishe, ule wa mahindi, mtama, wimbi, soya na njugu, kila muuzaji akijisifu wake una nafaka nyingi kumshinda jirani. Siku hizi "lishe" kwa wengi ni kuchanganya. Mtu akishachanganya, amelisha.

Na neno lishe halistahili hayo. Linatokana na kula, likapita kwenye kulisha, likaishia na ile -e ya zamani tunayoiona kwenye mtume, aliyetumwa, na kiumbe, kilichoumbwa. Lishe ni kile unacholishwa. Ndani ya neno kuna watu wawili, mwenye kulisha na mwenye kulishwa, na kwa mbwa wa ndani, hasa mdogo anayelala kwenye kochi, wa pili hana sauti kabisa. Mbwa wa mtaani huongezea mwenyewe: kichwa cha samaki hapa, panya pale, na mengine tusiyataje. Kijibwa cha gorofani Nyali hakina pa kwenda kutafuta. Kikikosa kitu kwenye bakuli lako, kimekikosa moja kwa moja.

Sasa turudi kwenye wali, kuku na karoti za yule mama, kwa sababu ndizo zinazoonyesha vizuri kwamba mchanganyiko si ukamilifu.

Kinachopungua pale ni kalsiamu. Nyama isiyo na mfupa, ya kuku au ya ng'ombe, ina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, mara kumi na tano hadi ishirini hivi. Wali nao una fosforasi zaidi. Karoti zimelingana kidogo, lakini vipande vitatu vya karoti haviwezi kuvuta mizani. Mbwa anahitaji kinyume chake: kalsiamu isiwe chini ya fosforasi, na isizidi mara mbili yake. Mlo wa nyama na wali ukiendelea kwa miezi, damu haikubali kukosa kalsiamu, kwa sababu moyo na misuli inaitegemea. Kuna tezi ndogo shingoni ambazo kazi yake ni kulinda kiwango hicho, na zikiona kimeshuka, zinaichukua kalsiamu kutoka mahali ilipo, yaani kwenye mifupa. Mbwa anaendelea kuonekana mzima, anacheza, manyoya yanang'aa kwa mafuta ya kuku, huku mifupa inaliwa kwa ndani. Kwa mtoto wa mbwa anayekua, miguu hupinda, na mfupa unaweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti.

Na hapa ndipo wema wa mtu unapomgeuka. Akiona mbwa amedhoofika, anaongeza nini? Nyama. Yaani anaongeza fosforasi. Saa ilikuwa nyuma, yeye anairudisha nyuma zaidi.

Kuna wanaokwepa kosa hili kwa maini, wakisema maini yana kila kitu. Maini ni chakula kizuri kwa kidogo. Yakiwa ya kila siku na kwa wingi, vitamini A iliyomo hujilimbikiza mwilini, maana haitoki na mkojo kama zitokavyo vitamini zinazoyeyuka majini. Ile ndiyo saa iliyokwenda mbele. Mbwa hakupungukiwa, amezidishiwa, na mlo bado haujawa kamili.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichambua mapishi 200 ya nyumbani ya chakula cha mbwa, yakiwemo yaliyoandikwa na madaktari wa wanyama. Asilimia 95 yalipungukiwa na angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Sitaji hilo ili kuwatisha wapishi. Kupika unaweza, lakini kipimo kitoke kwa daktari wa mifugo anayejua lishe, pamoja na madini na vitamini za kuongeza zilizopimwa kwa gramu. Jicho halioni zinki. Halioni vitamini E pia.

Swali la pili ambalo "kamili" hulibeba bila kusemwa ni: kamili kwa nani? Hapa ndipo hasira yangu hupanda kidogo, nisameheni. Kuna bwana mmoja mtaani kwetu humkamulia mbwa wake limau kwenye chakula, apate vitamini C. Mbwa hujitengenezea vitamini C mwenyewe kwenye ini. Sisi ndio hatuwezi. Bwana huyohuyo ukimtajia vitamini D hucheka: "Na jua lote hili la Mombasa?" Hilo nalo ni kinyume. Jua tunalolilalamikia Januari linatutengenezea sisi vitamini D kwenye ngozi, lakini ngozi ya mbwa haiwezi kutengeneza ya kumtosha hata akijianika ufuoni kutwa. Lazima aile. Kwa hiyo sahani iliyo kamili kwako inampa asichohitaji na kumnyima anachohitaji, na bado kwa macho inapendeza.

Wenye paka wanalijua hili kwa njia nyingine. Paka wa Mji wa Kale akiwa na zamu ya kuiba kwenye bakuli la mbwa, hakuna neno. Lakini ukimfuga paka kwa chakula cha mbwa peke yake, atakosa taurini, kirutubisho ambacho mbwa kwa kawaida hujitengenezea na paka hawezi kukitengeneza cha kutosha. Moyo na macho yake ndiyo hulipa. Paketi ni ileile na chakula ni kilekile, na "kamili" limekwisha kwa kubadilika mlaji.

Nikiwa hapo hapo, neno "mdogo" nalo linasumbua. Mbwa mdogo kwa Kiswahili anaweza kuwa mtoto wa mbwa, na anaweza kuwa mzee wa miaka kumi ambaye hatazidi kilo tatu. Kijibwa kingetusaidia, lakini kina harufu ya dharau, na wenye mbwa hawalipendi. Tofauti si ya maneno tu. Viwango vya AAFCO, chama cha Marekani cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo, vinataka chakula cha mbwa anayekua kiwe na protini isiyopungua asilimia 22.5 na kalsiamu asilimia 1.2, vikipimwa baada ya kutoa maji. Kwa mbwa mzima, 18 na 0.5. Mtu akiomba dukani "chakula cha mbwa mdogo" anaweza kupewa cha mtoto kwa mzee, na mzee akanenepa tu. Au, vibaya zaidi, kinyume chake. Mbwa wa aina ndogo humaliza kukua mapema, karibu na mwaka mmoja, wakati wale wakubwa wa ulinzi huendelea hadi mwaka na nusu au miwili.

Udogo wa umbo una hesabu yake. Kwa kila kilo, mbwa mdogo huunguza nishati nyingi kuliko mkubwa. Ndiyo maana watoto wa aina ndogo kabisa hulishwa mara tatu au nne kwa siku, sukari isishuke mwilini. Lakini jumla yake bado ni ndogo mno. Mbwa mzima wa kilo tatu, aliyehasiwa, anahitaji takriban kalori 250 kwa siku. Yai moja la kuchemsha ni kama kalori 70. Kwako ni kionjo. Kwake ni zaidi ya robo ya siku, sawa na wewe kula mayai manane kwa pamoja juu ya chakula chako. Madaktari wengi husema vitu vya kuonjesha visizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na kwa huyu wa kilo tatu asilimia hiyo ni kalori 25, yaani theluthi ya yai. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe hapa ni kidogo. Hamri moja la asubuhi, la kukaangwa, sitaki hata kulipigia hesabu.

Kwenye paketi, tafuteni sentensi ndogo, mara nyingi nyuma, inayosema chakula ni kamili na kwa umri upi: wa kukua, wa utu uzima, au wote. Ikiwa imeandikwa ni cha nyongeza, basi mtengenezaji mwenyewe amekiri kwamba si mlo, hata picha ya mbele ikiwa na mbwa mwenye tabasamu. Baadhi ya makopo madogo ya nyama, yale yanayopendwa na wenye vijibwa, ni ya nyongeza. Sheria za Ulaya huyatenganisha mawili hayo waziwazi.

Makombo ya biriani sitayajadili kwa kirefu. Vitunguu, maji na saumu, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Zabibu kavu huweza kuua figo. Tui zito na ngozi ya kuku huweza kuwasha kongosho, na vijibwa havina mwili wa kustahimili hilo. Mifupa iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali. Mbwa wa jirani yako amekula yote hayo na hajafa, najua. Nami najua mtu aliyevuka kivuko cha Likoni amekaa kwenye ukingo na hakuanguka.

Ugali, kwa upande mwingine, hauna kosa tunalousingizia. Mbwa wa kufugwa wana nakala nyingi kuliko mbwa mwitu za jeni ya kumeng'enya wanga, jambo lililochapishwa mwaka huohuo wa 2013. Ugali ni nishati kwao kama kwetu. Na dagaa mkavu wa kuliwa mzima, asiye na chumvi nyingi, huja na mifupa yake midogo, hivyo huja na kalsiamu ambayo kifua cha kuku hakina. Bibi zetu waliokuwa wakiwapikia mbwa ugali wa dagaa walikuwa karibu na lengo kuliko sisi wa kuku na karoti, ingawa nao hawakufika, na hawakuwahi kuuita kamili. Waliuita chakula cha mbwa.

Basi yule mama wa Kongowea, nikikutana naye tena, wala sitamwambia aache kupika. Kuku wake ni msafi, karoti hazina dhara, na anampenda mnyama wake. Akisema "nampa wali, kuku na karoti," nitasema vizuri mama. Akisema "namchanganyia," pia vizuri. Akisema "mlo kamili," nitamuuliza tu kwa upole mbwa wake ana kilo ngapi, ana umri gani, na kalsiamu anaipata wapi.