Ukinzani wa hewa: kwa nini ndege ya modeli hugoma kuongeza kasi

Ukiitoa mota ya ndege ya modeli na kuweka yenye nguvu maradufu, usitegemee kasi maradufu. Utapata nyongeza ya robo hivi, basi. Kinachokula nguvu yote iliyobaki ni ukinzani wa hewa, yaani kani inayoivuta ndege nyuma. Kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani huo hufika mara nne, na nguvu inayotakiwa kuushinda mara nane.

Ila si kila ukinzani una tabia hiyo. Upo unaotokana na kazi ya kuinua. Hewa iliyobanwa chini ya bawa hukimbilia juu kupitia nchani, ikaacha vizingia, yaani hewa inayozunguka kama kimbunga kidogo, nyuma. Huu hupungua kadiri ndege inavyokwenda mbio: kwa kasi maradufu, unabaki robo. Ndege ya mbio ikinyooka, huna haja ya kuuhesabu. Ngoja sasa rubani avute kona kali, bawa libebe mara nne ya uzito wa ndege. Kwa kasi ileile, ukinzani huu unapanda mara 16! Ndiyo maana ndege huingia konani kama mshale na kutoka imechoka.

Kwenye mstari ulionyooka, adui ni umbo, na mkorofi kuliko wote ni waya wa magurudumu. Waya wa mviringo wenye unene wa milimita 3 unaweza kukokota hewa sawa na kipande chenye umbo la bawa kilicho kinene mara kumi yake. Hewa hushindwa kuufuata mgongo wa waya, inabanduka, na nyuma yake panabaki mvurugo wenye kanieneo ndogo unaouvuta waya nyuma. Mkono uliochomoza wa servo, yaani mota ndogo inayosogeza sehemu za kuongozea ndege, nao ni hivyo hivyo. Watu hupiga msasa bawa siku nzima na kuuacha waya uchi. Mimi ningeanza na waya.

Msuguano wa ngozi ya bawa upo pia, lakini ulaini nao una mtego. Kwenye bawa dogo la ndege ya polepole, hewa iliyotulia hubanduka mapema, kwa hiyo wengine hubandika utepe mwembamba karibu na ukingo wa mbele ili kuivuruga kidogo ishike bawa. Kwa ndege ya mbio, utepe huo mara nyingi ni mzigo tu.