Lebo ya Mtandaoni, na Ugomvi Wangu na Neno "Bure"

Juzi nilikuwa kwenye daladala natoka Mikindani, redio iko juu, mtangazaji akasema: "Hizi lebo za mtandaoni, yaani zile tovuti za kushusha nyimbo za bure bila msanii kulipwa." Abiria mwenzangu akaitikia, "Wezi hao." Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na ndoo ya pweza magotini, na mtu mwenye ndoo ya pweza habishani. Lakini wiki hiyohiyo nilikuwa nimepita kibanda kimoja stendi, cha kuingiza nyimbo kwenye fleshi na memori kadi, kijana amebandika bango: MUZIKI HURU HAPA. Mmoja anaita wizi kile ambacho si wizi, mwingine anaita huru kile ambacho si huru. Nikaona niandike.

Lebo ya mtandaoni, au netilebo kama wenyewe wanavyopenda kuiita, ni lebo ya muziki inayotoa kazi zake kwa njia ya intaneti, kwa kawaida bila kutoza, kwa idhini ya wasanii wenyewe, chini ya leseni inayosema msikilizaji ameruhusiwa kufanya nini. Haina duka wala kiwanda cha santuri. Mara nyingi ni mtu mmoja au wawili wenye kompyuta na masikio mazuri. Maana yenyewe ndiyo hiyo.

Vurugu zinaanzia kwenye neno lebo. Mwanzo ni karatasi tu: ya shati, ya chupa ya dawa. Kwenye santuri ilikuwa kile kikaratasi cha duara pale katikati chenye jina la kampuni, watu wakazoea kuiita kampuni kwa jina la kikaratasi chake. Kwetu Mtwara neno lilipata uzito zaidi mwaka 2019, Harmonize, mtoto wa huku, alipotoka WCB Wasafi na kuanzisha Konde Music Worldwide. Kila kijiwe kilikuwa na mtaalamu wa mikataba. Tangu hapo mtu akisikia lebo anaona magari, walinzi na fidia ya kuvunja mkataba.

Lebo ya mtandaoni haina hayo yote. Imebakiwa na kazi moja ya zamani, kuchagua. Ni kama yule anayepanga madaraja ya korosho ghalani. Hakupalilia, hakuokota, lakini akiweka gunia upande wa daraja la kwanza unaamini, na ukimzoea unaanza kununua kwa jicho lake. Anayetafuta muziki wa elektroniki (unaotengenezwa kwa mashine na kompyuta) au posti-roki, ambayo nitaieleza hapo chini, anakwenda hivyohivyo: akipenda kazi moja ya lebo fulani anasikiliza na zilizobaki, hata kama majina ya wasanii hajawahi kuyasikia. Na hatayasikia redioni, nakuhakikishia.

Monotonik, moja ya zile za mwanzo, ilianzishwa mwaka 1996 na Simon Carless. Ilitoka kwa vijana waliokuwa wakitunga kwenye kompyuta za Amiga kwa programu zilizohifadhi vipande vifupi vya sauti pamoja na maelekezo ya kuvipiga, kama mtu anayekutumia viungo na namna ya kupika badala ya kukutumia sufuria ya pilau. Faili likawa dogo, likapita kwenye intaneti ya simu za waya. MP3 ilipoenea wengine wakafuata: Kahvi (ni Kifini, maana yake kahawa) na elektroniki yake ya utulivu, Enough Records ya Ureno, na Wajerumani wengi mno. Kazi nyingi za lebo hizi ziko Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa San Francisco mwaka huohuo wa 1996, ambayo ina sehemu nzima ya netilebo. Posti-roki, kwa asiyejua, ni jina lililoenezwa na mwandishi Mwingereza Simon Reynolds mwaka 1994, kwa bendi zinazotumia gitaa na ngoma za roki kufanya mambo ambayo si ya roki. Mwimbaji mara nyingi hayupo. Wimbo unaanza chini kama maji yanayojaa ufukweni Shangani, dakika ya nane ndiyo unagundua umeshalowa.

Sasa nije kwenye ugomvi.

Kiingereza kina neno moja, free, linalobeba mizigo miwili. Wenyewe linawatesa. Watu wa programu huru, yaani programu za kompyuta ambazo mtu ana ruhusa ya kuzibadilisha na kuzigawa, tangu Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wake wa programu hizo, GNU, mwaka 1983, wanaeleza kila siku kwamba wao wanazungumzia uhuru, si bei. Sisi hatukuwa na shida hiyo. Tuna bure na tuna huru, maneno mawili yasiyofanana hata herufi ya kwanza. Halafu tumekaa tukatafsiri kila free kuwa bure, na siku tukitaka kuonekana wasomi tunaitafsiri kuwa huru, bila kuangalia mzigo gani umeshushwa.

Bure ni neno la bei, na si la heshima sana. "Umejisumbua bure." "Wamemnunia bure." "Yule mtu bure kabisa." Ukimwambia mtu muziki wake ni wa bure, masikio ya Kiswahili yanasikia pia kwamba hauna maana.

Huru limetoka kwenye Kiarabu, hurr, mtu asiye mtumwa. Ukanda wetu huu unapaswa kulijua kuliko wengine. Kilwa Kivinje na Mikindani zilikuwa bandari za biashara ya watumwa karne ya 19, na huko huru halikuwa neno la bei, lilikuwa hadhi ya mtu. Wapo waliojikomboa kwa fedha yao wenyewe, na wakati wa utawala wa Wajerumani aliyekombolewa alipewa hati ya kuthibitisha kwamba sasa ni huru. Silinganishi wimbo na mtu, Mungu aniepushe. Nalinganisha maneno. Mtu yule alikuwa huru, na uhuru wake haukuwa wa bure hata kidogo.

Wimbo unaweza kuwa wa bure usiwe huru: umeusikiliza bila kulipa, lakini huna ruhusa ya kumnakilia jirani. Unaweza kuwa huru usiwe wa bure: umeununua, na leseni inakuruhusu kuugawa. Wa pale stendi haukuwa hata kimoja. Kijana anatoza elfu moja kujaza memori, na waliotunga hawajaulizwa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, inasema wazi nani mwenye kazi. Lile bango lilikuwa na maneno matatu, na moja lilikuwa uongo.

Za lebo za mtandaoni kwa kawaida ni za bure na zina uhuru wa kiasi, na kiasi chenyewe kimeandikwa. Hati yao ni leseni, nyingi ni zile za Creative Commons, shirika linaloandaa leseni ambazo msanii yeyote anaweza kuzitumia, zilizotolewa kwa mara ya kwanza Desemba 2002. Utaona herufi pembeni ya albamu. BY ni taja jina la mwenye kazi. NC ni usifanyie biashara. ND ni usibadilishe. SA ni ukibadilisha, nawe toa kwa masharti hayohayo. Watu wanaziruka herufi hizi kama masharti ya mkopo. Mpwa wangu anapiga video za harusi, akachukua kipande kizuri sana chenye ND akakiweka chini ya picha za bibi harusi akitoka saluni. "Mjomba, si wametoa wenyewe?" Wametoa, ndiyo, lakini kwa leseni hizo kuoanisha muziki na picha zinazotembea kunahesabiwa kuwa ni kuubadilisha, na harusi yenyewe alilipwa, kwa hiyo hata NC isingemwacha salama. Alinuna siku mbili.

Kuna na mkorogo wa tatu, "wasanii huru". Hapo watu wanataka kusema wasanii wasio chini ya kampuni kubwa. Neno tunalo tangu Azimio la Arusha, 1967: kujitegemea. Msanii wa kujitegemea anaweza kukuuzia kila wimbo, na ana haki. Ndiyo maana Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyoitoa singeli ya Dar nje ya mipaka, ni lebo ya kujitegemea na iko sana mtandaoni, ila si netilebo. Inauza kazi zake. Kuuza kaseti si dhambi.

Jambo la bando nalipitia haraka. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde inakula kama MB 2.4 kila dakika, na posti-roki haina haraka, kipande cha dakika kumi ni MB 24. Pakua mara moja, kisha rushia wenzako kwa Bluetooth. Kwa leseni hizi kurushiana huko ni halali, na hapo ndipo huru inaposhinda bure.

Nilirudi stendi na fleshi. Nikamwekea kijana albamu tatu zenye BY-NC na kumweleza.

"Sasa kaka, nikitoza?"

"Hizi usitoze. Wape tu, na jina la aliyepiga usilifute kwenye faili."

Akasikiliza kama dakika mbili. "Huyu anaanza kuimba saa ngapi?"

Bango bado lipo. Nimemwomba abandike NYIMBO HAPA, inatosha, hakuna atakayepotea njia. Na mtangazaji wa ile redio, kama unasoma: si wezi, ndugu yangu. Hao ni wenyewe wametoa, na wameandika kwa masharti gani.