Algorithimu haipimi udongo

Katika kazi yangu ya jiotekniki, yaani uhandisi wa udongo na miamba, hapa Nakuru, hakuna sentensi inayonichosha kama hii: "Mhandisi, tumetumia algorithimu ya kisasa kukagua uthabiti wa mteremko, imetoa uwiano wa usalama wa 1.51, basi tuanze kujenga." Juzi ililetwa tena, pamoja na michoro ya rangi ya mteremko ulio upande wa Menengai na vipimo vya udongo vilivyochukuliwa mara moja tu, mwezi wa Februari, ardhi ikiwa kavu.

Wengi huamini kwamba algorithimu ya kijeni (mbinu ya kompyuta inayotafuta jibu bora kwa kuiga urithi wa viumbe), au ile ya kundi la chembe (inayoiga mwendo wa kundi la ndege) waliyoibuni watafiti Kennedy na Eberhart mwaka 1995, hulifanya jibu kuwa la kweli zaidi. Ukweli ni kwamba kazi yake ni kupekua maelfu ya nyuso za mporomoko, yaani mahali udongo unapoweza kukatika na kuteleza, na kuleta ule wenye uwiano mdogo kabisa wa usalama (nguvu ya udongo kujishikilia ikigawanywa kwa nguvu inayouvuta chini; ukiwa chini ya 1, mteremko huporomoka), kwa kutegemea mshikamano (jinsi chembe za udongo zinavyogandamana), pembe ya msuguano (kipimo cha msuguano kati ya chembe hizo) na shinikizo la maji ulivyoviandika wewe. Ukikosea maji, utaletewa uso dhaifu kabisa wa mteremko usiokuwapo popote. Chukua mteremko mrefu wa digrii 24 wenye majivu ya volkano yasiyo na mshikamano, yenye pembe ya msuguano ya digrii 34. Ukiwa mkavu, uwiano wake ni 1.51, na mteja hufurahi kwa kuwa amevuka kiwango kinachotakiwa cha 1.5. Udongo ukishiba maji wakati wa masika, maji yakatiririka sambamba na mteremko hadi usoni, na udongo ukawa na uzito wa kilonyutoni 18 kwa mita ya ujazo, uwiano hushuka hadi 0.69, yaani mteremko huo hauwezi kusimama. Algorithimu ni ileile. Ndiyo maana nasisitiza, hata gharama ikilalamikiwa, kwamba pizomita (vifaa vya kupima shinikizo la maji ardhini) ziwekwe na zisomwe masika yote kabla ya mtu yeyote kuwasha kompyuta.

Wengine hudhani kwamba thamani ndogo iliyopatikana ndiyo ndogo kuliko zote. Utafutaji huweza kunasa kwenye bonde dogo, yaani thamani iliyo ndogo kuliko jirani zake tu, kwa hiyo urudiwe mara kadhaa kwa mianzo tofauti. Majibu yakipishana, kazi bado. Wapo pia wanaodhani kila mporomoko ni duara, kwa sababu njia rahisi ya Bishop ya mwaka 1955 ya kukokotoa uwiano huo ilijengwa juu ya duara. Penye udongo mwekundu uliokaa juu ya mwamba, mporomoko hufuata mpaka wa tabaka hizo, na hapo njia ya Morgenstern na Price, inayokubali uso wa umbo lolote, inafaa zaidi.

Udongo mweusi wa Kano, karibu na Kisumu, una jambo lake: hupasuka wakati wa kiangazi, na mvua za kwanza huijaza mipasuko hiyo maji yanayosukuma udongo kuelekea nje. Anayechambua tuta la barabara huko auingize ufa huo kwenye modeli mwenyewe, ukiwa umejaa maji, ndipo aanze kutafuta.