Usiku wa mavazi rasmi melini: maana yake na namna ya kuamua uvae nini

Usiku wa mavazi rasmi ni jioni ambayo meli ya kitalii huwataka abiria waje kwenye chakula wamependeza kuliko siku nyingine. Si safari nzima. Safari ya siku 7 kwa kawaida huwa na jioni 2 za aina hiyo, na safari fupi huwa na moja. Jioni zilizobaki, suruali nadhifu na shati, au gauni jepesi, vinatosha kabisa.

Jioni hizo hazipangwi ovyo. Mara nyingi huangukia siku ambayo meli inashinda baharini, kwani abiria anayerudi kutoka bandarini saa 11 jioni, jasho likimtiririka, hana nafasi ya kuoga, kutengeneza nywele na kufunga tai. Usiku wa kwanza nao huachwa, kwa sababu mizigo hupokelewa gatini na mabegi mengine huwa bado hayajafika vyumbani wakati wa chakula. Usiku wa mwisho ni vivyo hivyo: mabegi huwekwa nje ya mlango usiku huohuo ili yashushwe asubuhi, na ukishafungia suti humo umebaki na ulichovaa. Kwa hiyo ukiitazama ratiba ya safari vizuri, waweza kuzikisia jioni zenyewe kabla hujaambiwa.

Kiwango kinachotakiwa hutegemea kampuni. Cunard, iliyoanza mwaka 1840, bado inaishika desturi: katika jioni za gala, yaani za mavazi rasmi, wanaume huvaa koti jeusi la jioni na tai ya kipepeo, au suti ya rangi nzito na tai, na wanawake huvaa gauni la jioni au suti maridadi ya suruali. Vazi rasmi la taifa lako nalo linakubalika. Norwegian Cruise Line imeshika njia nyingine. Kwao kujipamba ni hiari. Carnival iko katikati: suti inapendeza, lakini suruali ya kitambaa na shati lenye kola havimrudishi mtu mlangoni.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba masharti haya hufuata ukumbi. Yanabana zaidi kwenye ukumbi mkuu wa chakula na baadhi ya migahawa ya kulipia. Kwenye bufee unakula na nguo zako za kawaida, ilimradi si za kuogelea. Naumia mtu anapoahirisha safari aliyoitamani kwa miaka kwa sababu tu hana koti la jioni, ilhali chakula kipo sehemu nyingine ya meli hiyohiyo.

Ushauri wangu: usinunue koti la jioni kwa ajili ya safari moja. Suti moja ya rangi nzito yenye mashati mawili, au gauni moja linalobadilishwa sura kwa mtandio na mikufu, hufaa kwenye meli nyingi bila kujaza begi. Mtandio una kazi nyingine pia, maana kiyoyozi cha ukumbini huwa kikali. Soma masharti ya meli yako kabla ya kufunga mizigo, kwani kampuni huyabadilisha. Ukishapanda, ratiba ya kila siku itakueleza vazi la jioni hiyo. Usisahau viatu, kwani kandambili na kaptula ndizo hukataliwa kwanza mlangoni.